Wapiga Drams Wetu na Mguu Wangu wa Kulia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtoa mpiga drams wetu kwenye grupu la simu kabla sijamwambia kwamba nimemtoa kwenye bendi. Ilikuwa saa saba mchana. Yeye alikuwa kazini, juu ya duara, lile shimo la wachimbaji wa dhahabu, akivuta mawe kwa winchi, na simu yake ikampa habari kwa maneno yale yale ambayo simu humpa kila mtu: umeondolewa. Tulikuwa watu watatu tu kwenye grupu lile. Nilipomtoa tukabaki wawili, na mwenzangu, mpiga besi, akaandika neno moja: "Umemtoa?" Halafu akaongeza: "Kwa kidole?"

Nilimjibu kwamba nina ushahidi. Na kweli nilikuwa nao. Nilikuwa na daftari la kurasa mia moja, la mistari, ambamo nilikuwa nimeandika kila kosa la yule mtu kwa miezi minane: wimbo gani, dakika ya ngapi, sekunde ya ngapi. Karibu makosa yote yalikuwa ya aina moja. Ameongeza kasi. Ameongeza kasi. Ameongeza kasi tena.

Niseme mimi ni nani, maana bila hivyo jambo hili litaonekana la kichaa. Mimi ni fundi simu mjini Geita. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua simu zilizokufa, moja baada ya nyingine, mpaka nikajua kila kipande kinakaa wapi. Gitaa nalo nilijifunza hivyo hivyo, kwa kutazama video za watu wenye nywele ndefu, nikirudia sekunde mbili mara mia mpaka vidole vinavimba. Nikibadilisha kioo cha simu nakikagua mara nne, na mteja akishaondoka naanza kuwaza skrubu ambayo labda sikuikaza. Nikifunga kibanda naondoka hatua hamsini, narudi kutikisa kufuli. Watu wanafikiri ni bidii. Ni woga. Naogopa kukosea kiasi kwamba nikiona kosa mahali, kitu cha kwanza ninachofanya ni kumtafuta mwenye nalo, nikiomba asiwe mimi.

Muziki wetu ni hevi metali. Ndiyo, Geita. Nimechoka kuulizwa. Mtu anayeishi mahali ambapo mawe yanasagwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, mnashangaa akipenda kelele zenye mpangilio? Mpiga besi wetu, ambaye pia ndiye mwimbaji, ni fundi wa kuchomelea mageti. Tulisoma naye sekondari Shinyanga. Yeye ndiye aliyetengeneza sehemu kubwa ya drams zetu: miguu ya kuzisimamishia kwa mabomba, pedali mbili za kupigia kiki, ile ngoma kubwa ya chini, kwa vyuma vya kona na mnyororo wa baiskeli, na toazi moja alilikata kutoka kwenye mfuniko wa pipa. Lilikuwa linalia kama sufuria iliyoanguka, lakini lilikuwa linalia kwa wakati. Drams zenyewe tulizinunua kwenye kanisa lililokuwa linaleta mpya.

Tulifanyia mazoezi kwenye stoo iliyo nyuma ya karasha, ile mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu. Hapo ndipo mahali pekee Geita ambapo hakuna jirani anayeweza kulalamika. Mwenye karasha alitupa sharti moja. "Pigeni mnavyotaka," alisema, "ila mashine ikianza kuunguruma vibaya, ninyi nyamazeni niisikie. Nisije nikadhani ni ninyi, kumbe ni beringi."

Mpiga drams wetu wa kwanza alikuja kibandani kwangu na simu ambayo spika yake ilikuwa imejaa vumbi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Akawa anasubiri, anagonga kioo cha meza yangu kwa vidole viwili. Mpiga besi alikuwa amekaa hapo kwenye benchi. Akainua kichwa.

"Kaka," akamwambia, "hiyo unaweza kuipiga kwa miguu?"

"Sijawahi. Kwa nini, mikono ina tatizo gani?"

Alikuwa ametoka upande wa Kishapu, ambako alipiga ngoma kwenye kundi la kucheza baada ya mavuno. Kule makundi mawili hupangwa kwenye uwanja mmoja, yakapiga na kucheza kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watazamaji wenyewe huhama. Kundi linalobaki na watu limeshinda, na lile linalobaki linajitazama limeshindwa. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu akiwa kijana mdogo, kisha akaja Geita kutafuta riziki, akapata kazi ya winchi.

Hapa lazima nikiri jambo la aibu. Mama yangu ni Msukuma wa Kishapu hiyo hiyo. Lakini sisi tulikulia Shinyanga mjini, tukaongea Kiswahili mezani, na binamu zetu wakija likizo tuliwacheka kwa jinsi walivyotamka maneno. Kwa hiyo mtu yule aliposema "ngoma," mimi nilisikia vumbi, ng'ombe, na watu wenye manyoya kichwani. Nilimchukua kwa sababu alikuwa na nguvu na kasi. Sikufikiri hata siku moja kwamba anajua kitu ambacho mimi sijui. Nilifikiri nitamfundisha.

Alihitaji saa moja kuzoea pedali. Saa moja! Mimi nilitumia mwaka mzima kwenye gitaa kupata alichokipata yeye kwa saa moja, na nadhani sikumsamehe hilo.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa Kahama, uwanja wa nyuma wa baa, mchana wa Jumamosi. Katikati ya wimbo wa pili umeme ulikatika. Gitaa likafa, besi ikafa, sauti ikafa. Mimi nilisimama nimeganda, nimeshika gitaa kama mtu aliyeshikishwa mzigo na mwenyewe ameondoka. Mpiga drams hakusimama. Aliendelea peke yake, na wale watu, ambao mpaka hapo walikuwa wametukunjia mikono, wakaanza kusogea mbele. Mama mmoja aliyekuwa anauza mishikaki aliacha jiko, akaingia katikati akiwa na upepeo wake mkononi. Zilipita kama dakika nne. Umeme ukarudi, mpiga drams akatutazama, akainua kidevu, nasi tukaingia pamoja kama tuliokuwa tumepanga. Uwanja mzima ulipiga kelele.

Kesho yake nilisikiliza rekodi, nikaandika kwenye daftari: "Wimbo wa kwanza, ameongeza kasi mara tatu. Wimbo wa pili kabla ya umeme, mara mbili. Wimbo wa tatu, vibaya sana." Kuhusu zile dakika nne sikuandika kitu. Hakukuwa na kosa la kuandika.

Miezi ikaenda, daftari likajaa. Siku moja kwenye mazoezi nikaamua kumsomea. Wafanyakazi wa karasha walikuwa wamesimamisha mashine kwa chakula cha mchana, wamekuja kusimama mlangoni na sahani zao za ugali, kama walivyozoea. Mimi nikasoma mbele yao. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Yeye alikaa nyuma ya drams, fimbo zimelala mapajani.

Nilipomaliza akasema, "Mimi nafuata miguu."

"Miguu ya nani? Hii siyo ngoma. Hapa hakuna anayecheza."

"Hakuna?" Akanitazama, halafu akatazama chini, akacheka kidogo. "Sawa. Hakuna."

"Ndiyo maana nakwambia weka hesabu kwenye sikio. Kuna programu ya simu, inagonga mapigo, wewe unaifuata."

"Nifuate simu, na wewe umesimama hapa?"

Mmoja wa wale wa mlangoni akamwambia mpiga drams, "Kaka, kubali tu, mwisho simu itakuoa." Wakacheka wote. Nilidhani wananicheka mimi, nikakasirika zaidi. Kesho yake saa saba mchana nikamtoa kwa kidole.

Wiki ile ile nilibandika karatasi kwenye kibanda: "Anahitajika mpiga drams. Awe anajua kuhesabu." Ninaikumbuka karatasi hiyo na masikio yanawaka moto. Mtu aliyesimamisha uwanja mzima wa Kahama kwa mikono miwili, mimi nimebandika tangazo barabarani kwamba hajui kuhesabu!

Wa pili alikuja kutoka kwaya. Kijana wa rika langu, shati limenyooshwa, alisoma muziki wa noti na alikuwa na fimbo zake mwenyewe kwenye mfuko wa ngozi. Aliweka kihesabu mapigo sikioni bila kuambiwa. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia mpiga besi, "Umeona? Huyu ndiye mpiga drams." Mpiga besi akaendelea kukaza mnyororo wa pedali. Yeye ni mtu wa kuongea na chuma, akinyamaza ujue ana neno.

Wiki ya pili nikaanza kusikia kitu. Yule kijana alikuwa anachelewa. Kila tulipofika kwenye kiitikio, mimi ninafika, yeye bado. Nikafungua ukurasa mpya wa daftari. Amechelewa. Amechelewa. Amechelewa.

"Kaka, sichelewi," alisema nilipomwonyesha. Alitoa kile kidude sikioni, akaninyooshea. "Sikiliza mwenyewe. Wewe ndiye unayewahi."

"Mimi nimeupiga wimbo huu mara elfu."

"Basi umeuwahi mara elfu."

Sikulala vizuri kwa sentensi hiyo, lakini sikuiamini. Nilijiambia kwamba programu yake ni mbovu.

Wakati huo tulikuwa tumepata mwaliko wa kupiga kwenye tamasha la vijana hapa Geita, jukwaa kubwa, nusu saa nzima. Kwetu hilo lilikuwa jambo lisilo la kawaida. Bendi ya aina yetu haialikwi mahali popote. Mpiga besi alinikalisha kwenye karakana yake, akazima mashine ya kuchomelea, akavua miwani myeusi.

"Mimi nakwambia mapema," alisema. "Nimekuvumilia na daftari lako. Nimetengeneza pedali, nimetengeneza toazi. Tukiharibu hii, mimi narudi kwenye mageti na hakuna bendi tena. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Bendi ile ndiyo kitu pekee maishani ambacho nilikianzisha mwenyewe na kikasimama. Nikaenda nyumbani nikaandika ratiba ya mazoezi ya kila siku.

Siku mbili kabla ya tamasha, yule kijana wa kwaya akatuma ujumbe wa sauti. Kwaya yao inasafiri kwenda Ushetu kuhudumu, ameombewa na amepata amani moyoni kwamba njia yake na yetu si moja. Amani! Mimi nikabaki na jukwaa, na yeye akabaki na amani. Nilikasirika mpaka nikashindwa kushika bisibisi. Niliwalaumu wapiga drams wote wa dunia. Niliwaza kwamba wamezaliwa na kasoro, hawakai, hawahesabu, hawaheshimu kazi ya mtu. Nilimwambia mpiga besi kwamba hatuhitaji mtu yeyote. Nitapanga drams kwenye simu. Simu haiwahi wala haichelewi, na kwaya haiwezi kuisafirisha.

"Simu," alisema mpiga besi.

"Simu."

"Haya, fundi simu."

Nilifanya kazi ile siku mbili mfululizo, pigo kwa pigo. Cha ajabu, nilipojaribu kupiga gitaa juu yake, niliona simu nayo inachelewa. Nilibadilisha programu. Ya pili nayo inachelewa. Mtu mwenye akili timamu angeanza kujiuliza hapo. Mimi nilisafisha sehemu ya kuchomekea waya.

Siku ya tamasha, saa kumi alasiri, tulipanda wawili. Mshereheshaji alitutazama, akatafuta wa tatu kwa macho, akasema kwenye kipaza sauti, "Vijana wetu hawa... mpiga ngoma wao nadhani bado yuko chini ya duara, tumshushie kamba apande!" Uwanja ukacheka kabla hatujagusa uzi mmoja. Nilimchukia mtu yule, na bado simpendi. Alilipwa kutukaribisha, akatugeuza kichekesho kabla hajasikia chochote.

Nikabonyeza simu. Wimbo wa kwanza ulikwenda, kwa shida, maana nilikuwa nakimbia na simu inaniburuza nyuma. Wimbo wa pili, katikati, jenereta lilikohoa. Spika zote zikazimika kwa muda wa kama pumzi tano, kisha zikarudi. Lakini simu yangu ilikuwa na chaji yake. Yenyewe haikusimama. Ilikuwa imeendelea kimya kimya ndani ya mfuko wa shati, na spika ziliporudi drams zilikuwa zimefika sehemu nyingine kabisa ya wimbo. Mpiga besi aliingia pale alipoachia. Mimi niliingia pale nilipodhani ndipo. Simu ilikuwa na mahali pake. Tukawa watatu, kila mmoja na wimbo wake.

"Isubirini simu yenu!" mtu akapiga kelele.

"Iongezeeni salio!"

Watu wakaanza kuhama. Hawakuzomea sana, na hilo ndilo liliuma; walielekea tu upande wa pili wa uwanja ambako kulikuwa na mchezo wa kuvuta kamba. Niliona migongo yao. Mpiga besi alivua besi kabla wimbo haujaisha, akaiweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Alipokuwa anashuka ngazi akaniambia, "Ukipata mtu, nitafute. Mtu. Siyo simu."

Siku tatu sikufungua kibanda. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na ile hasira ilihitaji pa kutua. Nikaamua itue kwa yule wa kwanza. Yeye ndiye aliyeanzisha yote, nikajiambia. Angejifunza kuhesabu, tusingefika hapa. Mpiga besi alikuwa na video ya onyesho la Kahama, iliyopigwa na shemeji yake kutoka pembeni. Niliiomba. Nilitaka kuipitia yote, kila kosa, nimtumie yule mtu aone alichotufanyia. Nilikuwa na nia mbaya, nami lazima niseme ukweli.

Niliiweka kwenye skrini kubwa ya kibandani, nikaipunguza mwendo. Pembe ile ilionyesha jukwaa kutoka ubavuni: drams nyuma, mimi mbele kidogo, nimegeuka nusu. Na mguu wangu wa kulia ulikuwa unagonga sakafu.

Sikujua kwamba nagonga. Naapa sikujua. Ulikuwa unapanda na kushuka kama sindano ya cherehani, na kila nilipokaribia sehemu ngumu ya wimbo, ile ninayoiogopa, mguu uliongeza mwendo. Na pigo moja baadaye, kila mara, bila kukosa, drams nazo ziliongeza. Hazikutangulia mahali popote. Nilirudia. Nilichukua daftari, nikalinganisha sekunde. Kila "ameongeza kasi" ya Kahama ilikuwa na mguu wangu mbele yake.

Halafu ikafika pale umeme ulipokatika. Mimi nikaganda. Mguu ukasimama. Macho ya mpiga drams yakaacha mguu wangu, yakahamia kwa watu walioanza kucheza. Niliweka kihesabu sikioni, nikaanza kuhesabu. Zile dakika nne hakuteleza hata kidogo.

Nilikaa pale na daftari la kurasa mia moja ambalo, kumbe, nililiandika kuhusu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemsomea mtu hofu yangu mbele ya watu wanaokula ugali, nikaita ni makosa yake. Yule wa kwaya aliniambia waziwazi nikamdharau. Hata simu iliniambia!

Kesho yake asubuhi nilikwenda machimboni. Alikuwa pale pale juu ya duara, mkono mmoja kwenye breki ya winchi, mwingine umeshika kamba nyembamba iliyoshuka gizani. Walio chini wanaivuta: mara moja simamisha, mara mbili pandisha, mara tatu shusha. Hatazami chini. Anasikia kwa kiganja.

"Mwangaluka, kaka," nikamwamkia. Kisukuma changu kilitoka kama kiatu kipya.

"Mwangaluka." Hakugeuka. Mwenzake aliyekuwa anapanga viroba vya mawe akaniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa.

"Huyu ndiye wa daftari?"

"Ndiye."

"Amekuja na daftari?"

"Muulize," akasema mpiga drams. "Au labda ameleta simu ije ivute winchi." Kumbe habari za tamasha zilikuwa zimefika mpaka huku. "Eti iliwakimbia? Simu imewakimbia ninyi?"

"Kaka, nina kitu nataka ukione," nikasema, nikatoa video.

"Nina watu chini. Ngoja watoke."

Nikangoja. Nadhani ilikuwa zaidi ya saa moja, nimesimama juani, mwenzake ananipitia na viroba akiimba wimbo wa kunisuta. Watu watatu wa mwisho walipotoka, wameloa matope mpaka kwenye kope, ndipo akaacha kamba, akapangusa mikono, akachukua simu yangu. Aliitazama video kama nusu dakika. Akanirudishia.

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

"Ulijua ni mguu wangu?"

"Mguu huo nimeufuata miezi minane. Naujua kuliko unavyoujua."

Niseme ukweli: nilikasirika hata hapo. "Kwa nini hukuniambia? Ungesema tu, 'ni mguu wako,' ningekusikia!"

"Nilikwambia nafuata miguu. Wewe ukaandika." Akaketi kwenye kiroba. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwetu mtu akiingia uwanjani anacheza kwa hofu, anakimbia, hatusimamishi ngoma tumwambie unakosea. Atakimbia kabisa, na watu watamfuata. Unamshika alipo, unakwenda naye, halafu unamrudisha polepole. Nilikuwa nakurudisha. Kumbuka mazoezi yetu ya mwisho mwisho, ulikuwa umeanza kutulia. Basi wewe ukanitoa. Saa saba mchana. Nina watu watano chini ya ardhi, simu inalia mfukoni, nadhani mtoto anaumwa, kumbe ni wewe umenitoa."

Nikasema samahani, kwa sauti ndogo.

"Hapa?" Akatazama huku na huku. "Hapa hakuna aliyesikia ukisoma. Mimi sirudi kwenye grupu. Siku umempata yule wa besi, na wale wa karasha wako mlangoni na sahani zao, ukasema kama ulivyosoma, nitakaa kwenye kile kiti. Siku nyingine yoyote nina kazi."

Mtu asiye na woga kama wangu hawezi kujua aliniomba nini. Mimi ambaye nikikosea jina la mteja nalirudia kichwani wiki nzima! Lakini nilimpigia simu mpiga besi. "Umepata mtu?" akauliza. "Nimempata aliyekuwepo," nikamjibu. Alhamisi mashine iliposimamishwa kwa chakula cha mchana, nikasimama katikati ya stoo. Walikuwa sita mlangoni. Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza. Nikasoma upya, kila mstari, nikibadilisha kitu kimoja tu. Nimeongeza kasi. Nimeongeza kasi. Nimeongeza kasi tena.

Kwenye ukurasa wa nne wakaanza kucheka. Kwenye wa saba mmoja akasema, "Kaka, funga, tumeelewa, ugali unapoa." Mpiga drams hakucheka. Aliniacha nisome mpaka mwisho, kurasa zote, na kwa hilo nilimkasirikia tena kidogo, halafu nikaona ana haki.

Kisha akakaa, akakanyaga pedali zote mbili kusikia kama mnyororo umelegea. Ulikuwa umelegea. Mpiga besi akaukaza. Nikajiandaa kuhesabu moja mpaka nne kuanzisha wimbo, kama nilivyofanya tangu siku ya kwanza ya bendi.

"Aa-aa," akasema mpiga drams. "Leo naanza mimi. Wewe geuka huku, nikuone."

Hatujawahi kubadilisha mpiga drams tena. Nyimbo zote anaanzisha yeye, na mimi napiga nikiwa nimemgeukia, ninamtazama usoni. Akiwa zamuni kwenye winchi, hatufanyi mazoezi. Ile karatasi ya kibandani niliibandua mwenyewe. Mguu wangu bado unagonga. Siku hizi ninajua.